Kupima Si Kutuhumu: Kweli na Uongo Kuhusu Seva na Barua Pepe za Ofisi Ndogo

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, hakuna mkulima wa Masasi wala Newala anayenuna karani wa AMCOS, chama chao cha msingi cha ushirika, akipima gunia lake. Mkulima ameshalipima nyumbani, linapimwa tena chamani, na likifika ghala kuu linapandishwa kwenye mizani nyingine kabla stakabadhi haijaandikwa. Hajihesabu kuwa ameitwa mwizi. Mzigo wa watu hulindwa hivyo, na kila mmoja anajua.

Ofisini mambo hugeuka. Barua pepe inaingia ikiwa na jina la mkubwa, inaagiza malipo yafanyike leo, na mhasibu kijana anaona aibu kuuliza. Mimi ni fundi wa kompyuta. Nazunguka na begi la nyaya kutoka Mkomaindo hapa Masasi hadi juu Newala, nikihudumia ofisi za watu watano, wanane, kumi na wawili: vyama vya msingi, maduka ya dawa ya jumla, shule binafsi, ofisi za mawakili. Karibu kila moja ina kompyuta moja inayoitwa seva, na karibu kila moja inaniambia maneno yale yale kuihusu. Nimeyakusanya hapa, nikayaweka kwenye mizani moja baada ya jingine.

1. “Ofisi yetu ni ndogo, tena iko Masasi. Nani atahangaika na sisi?”

SI KWELI. Mwizi wa mtandaoni haangalii ukubwa wa ofisi. Anaachia programu, nayo inapita ikigonga kila mlango duniani. Anwani za intaneti za mfumo wa IPv4 ni kama bilioni 4.3, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha, kwa programu yao iitwayo ZMap, kwamba kompyuta moja yenye intaneti ya kasi inaweza kuzipitia zote zilizo wazi, ikigonga mlango mmoja kwa kila anwani, kwa dakika 45 hivi. Programu ya namna hiyo haijui kama imegonga benki ya London au chama cha msingi.

Fungua daftari la matukio la seva iliyoachwa wazi kwenye intaneti, usome. Saa nane na dakika tatu usiku, kuna aliyejaribu kuingia kwa jina “admin”. Sekunde mbili baadaye, “administrator”. Kisha “test”, “user”, “root”, halafu inaanza upya na nywila nyingine, hadi alfajiri. Nimeona ofisi ya watu sita ikiwa na maelfu ya majaribio kama hayo kwa usiku mmoja, na wote sita walikuwa wamelala wakiamini hawajulikani.

2. “Seva imefungiwa chumbani, ufunguo anao bosi. Iko salama.”

NUSU KWELI. Ufunguo una kazi yake. Mtu akiifikia seva kwa mkono anaweza kung'oa diski akaondoka nayo, na nimeziona seva zilizowekwa chini ya meza ya mapokezi, mahali mgeni anapolaza mwavuli wake. Chumba kilichofungwa, chenye hewa, kisicho na vumbi, na UPS ya kuipa seva dakika chache izimike kwa adabu umeme ukikatika: hayo ni matumizi ya haki.

Nusu nyingine ni kwamba mwizi aliyesemwa hapo juu hahitaji ufunguo huo. Anapitia kwenye ruta ambayo bado ina nywila ya kiwandani, ile iliyobandikwa chini yake. Anapitia mlango namba 3389, unaotumiwa na Windows kuendesha kompyuta ukiwa mbali, ambao fundi aliufungua “mara moja tu” ili afanye kazi akiwa Mtwara, kisha akasahau kuufunga. Anayehitaji kuingia akiwa nje aingie kwa VPN, yaani njia ya faragha iliyofichwa kwa msimbo, na milango mingine yote ifungwe. Waifai ya wageni nayo itengwe na ya ofisi. Ruta nyingi zinazouzwa sasa zina uwezo huo, na kuuwasha ni kazi ya dakika kumi.

3. “Barua pepe ikiwa na jina la mkurugenzi, imetoka kwa mkurugenzi.”

SI KWELI, na hili ndilo dai lenye hasara kubwa kuliko yote. Utaratibu wa kusafirisha barua pepe, SMTP, uliandikwa 1982, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo na taasisi chache zilizofahamiana. Haukumdai mtumaji uthibitisho wowote. Sehemu ya “Kutoka kwa” ni kama nyuma ya bahasha: mtu anaandika jina analolitaka.

Sote tunaijua meseji ya “ile hela tuma kwenye namba hii”. Zilizidi hadi TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ikatenga namba 15040 ya kuzitolea taarifa. Barua pepe ya kughushi ni ndugu yake mkubwa: inakuja na nembo, na lugha ya ofisi, na kiasi kilicho karibu kabisa na ankara halisi. FBI ya Marekani ilipokea malalamiko ya hasara ya dola bilioni 2.9 kutokana na utapeli wa barua pepe za kibiashara kwa mwaka 2023 peke yake.

Jaribu jambo dogo. Andika kwenye kompyuta neno masasi kwa herufi ndogo. Chini yake andika rnasasi, yaani r na n zikifuatana mahali pa m. Sasa zitume kwenye simu yako uzisome kwenye skrini ndogo, jioni, macho yakiwa yamechoka. Mwizi ananunua jina la kikoa (ile sehemu inayokuja baada ya alama ya @) lililoandikwa hivyo, halafu anasubiri uchoke.

Kuna kinga tatu, na mtu wa korosho atazielewa upesi kuliko mtu wa mjini. SPF ni orodha ya makarani wenye mamlaka ya kutoa stakabadhi: kikoa chako kinatangaza hadharani ni seva zipi zinaruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. DKIM ni mhuri: kila barua inayotoka inagongwa alama ya kihesabu, na mtu akibadilisha hata namba moja ya akaunti ya benki njiani, mhuri haulingani tena. DMARC ni agizo la mwenye ghala: stakabadhi isiyolingana ifanywe nini? Ipite huku nikipewa taarifa, iwekwe pembeni, au irudishwe ilikotoka? Anza na kupewa taarifa tu kwa wiki kadhaa, ujue barua zako halali zinatoka wapi, kisha kaza hadi kwenye kurudisha. Kazi yenyewe ni mistari mitatu kwenye rekodi za kikoa, na haina ada.

Lakini usiambiwe kwamba hizo tatu zinamaliza kazi. Zinamzuia anayeiba jina lako lenyewe. Aliyenunua rnasasi ana kikoa chake halali na mihuri yake halali. Na aliyeiba nywila ya mkurugenzi anatuma kutoka sanduku la mkurugenzi kabisa. Hapo panabaki mizani ya mwisho, nayo ni simu.

Nilikuwa kwenye ofisi moja huko Newala, nabadilisha waya, mhasibu alipopokea barua kutoka kwa muuzaji wao wa salfa: tumebadilisha benki, malipo ya sasa yaende akaunti hii. Kila kitu kilikuwa sawa, hata salamu. Hakupiga namba iliyokuwa chini ya barua. Alivuta daftari lake la kaunta, akatafuta namba aliyoiandika mwenyewe msimu uliopita, akapiga. “Shikamoo mzee. Samahani, ni ile ya benki.” Akanyamaza akisikiliza. Kisha akaandika kwenye mstari: tarehe, jina, namba aliyopiga, na neno moja, HAPANA. Muuzaji hakuwa amebadilisha benki yoyote.

Alipokata simu, kijana mwenzake alimuuliza kama hakuona vibaya kumsumbua mzee. Hapo ndipo nilipoelewa mwizi anapoweka kabari yake. Anaiweka kwenye adabu yetu. Tumefundishwa kwamba kumuuliza mkubwa “kweli ni wewe?” ni utovu wa heshima, na barua ya uongo hutegemea tusiulize. Kila mkubwa wa ofisi angetamka mbele ya wote, mara moja na waziwazi: “Likija agizo la fedha kwa jina langu, nipigieni. Mkiniuliza mara mbili mmenilinda mara mbili.”

4. “Barua zetu zinaangukia kwenye taka kwa sababu mtandao wa kusini ni mbovu.”

SI KWELI. Mtandao mbovu huchelewesha barua, hauipeleki kwenye taka. Barua inaangukia huko kwa sababu aliyeipokea hakuiamini. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinamtaka kila anayewatumia wateja wao barua awe na SPF au DKIM, na wanaotuma kwa wingi (Google imeweka kipimo cha barua 5,000 kwa siku) wawe nazo zote pamoja na DMARC. Ofisi ambayo kikoa chake hakina hata kimoja inajitokeza mlangoni bila kitambulisho.

Ukitaka kujua mlipo, tuma barua kutoka ofisini kwenda Gmail yako binafsi, uifungue kwenye kompyuta, kisha uchague kuona barua asilia. Juu kabisa utakuta mistari ya SPF, DKIM na DMARC. Neno PASS ni heri. FAIL, au mstari usiokuwepo, ndiyo kazi ya kumpa fundi wiki hii.

5. “Umeme ukikatika Ijumaa hadi Jumatatu, barua zote za siku hizo zimepotea.”

SI KWELI. Barua pepe ilibuniwa na watu waliojua kwamba seva huzimika. Seva inayotuma ikikuta ya kwako haipatikani, inaishika barua na kujaribu tena baada ya muda, na kanuni za SMTP zinapendekeza isikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Kwa hiyo wikendi ya giza haifuti barua. Juma zima la giza linaweza. Na kuna sharti: diski isiwe imeharibika kwa kuzimika ghafla. Ndiyo maana nasema UPS kabla sijasema kitu kingine chochote cha kununua.

6. “Ofisi ndogo haina sababu ya kuendesha seva yake ya barua.”

KWELI, kwa ofisi nyingi ninazozijua. Kuendesha seva ya barua kunataka anwani ya intaneti isiyobadilika, rekodi zinazolingana pande zote mbili, umeme wa uhakika, na mtu wa kuitazama kila siku isije ikatekwa na kugeuzwa mtambo wa kutapanya barua taka. Ikitekwa siku moja tu, jina lenu linaingia kwenye orodha nyeusi za watuma barua taka, na kulitoa kunaweza kuchukua majuma. Ruta ya laini ya simu, ambayo anwani yake hubadilika kila inapowashwa, haifai kazi hiyo hata kidogo.

Gawanyeni mzigo. Barua ziende kwa mtoa huduma anayeaminika, kwa kikoa chenu wenyewe, kiwe cha .co.tz, .or.tz au kingine. Mafaili ya kila siku, yaani hesabu, mikataba na orodha za wanachama, yabaki kwenye seva ya ndani. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, Tanzania na majirani zake walibaki na intaneti ya kukwamakwama. Ofisi zenye mafaili yao chini ya dari yao ziliendelea kufungua hesabu.

Na kikoa kiwe mali ya ofisi. Nimekuta kikoa kilichoandikishwa kwa jina la fundi aliyekwisha kuhamia Dar es Salaam, na ada ya mwaka haijalipwa. Nimekuta anwani ya ofisi ikiwa Gmail ya mhasibu aliyeacha kazi. Ofisi za umma zina njia yao: Mamlaka ya Serikali Mtandao imejenga mfumo wa barua pepe wa serikali, na mambo ya serikali yanatakiwa kupita kwenye anwani za .go.tz. Sisi wengine tuige busara hiyo: anwani ya kazi ibaki kazini, mtu akiondoka.

7. “Kubadilisha nywila kila mwezi ndio usalama.”

SI KWELI. Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa 2017 iliacha kupendekeza mabadiliko ya lazima ya mara kwa mara, isipokuwa pakiwa na dalili kwamba nywila imevuja. Sababu ni binadamu. Mtu akilazimishwa kila mwezi anaandika Korosho1, kisha Korosho2, kisha Korosho3, na ya mwezi huu anaibandika chini ya kibodi.

Nywila nzuri ni ndefu na inakumbukika: maneno manne au matano yasiyohusiana, yanayokujia wewe tu. Kila mtu awe na yake. Nywila moja ya ofisi nzima maana yake fedha zikipotea hakuna atakayejua aliyeingia. Na uwashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe, ule wa namba inayotoka kwenye simu yako. Mwizi aliyeiba nywila akikutana nao, mara nyingi safari yake inaishia hapo. Nao una mpaka wake: anayekupigia akijifanya fundi na kukuomba umsomee ile namba, huyo ndiye mwizi.

8. “Masasisho ni ya kumaliza bando tu.”

SI KWELI, ingawa bando linaliwa kweli. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha ufa mmoja ndani ya Windows. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, kirusi cha WannaCry kilipita kwenye ufa ule ule, kikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Huko Uingereza hospitali zililazimika kuwarudisha wagonjwa wenye miadi. Kiraka kilikuwa bure, na kilikuwa kimekwisha kutolewa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Panga masasisho yashuke usiku, wakati bando ni nafuu. Jueni pia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows Server 2012 tarehe 10 Oktoba 2023. Mashine inayotumia hizo na kugusa intaneti bila mpango maalumu wa viraka ni nyumba isiyo na fundi.

Hapa naomba niseme wazi kuhusu Windows za bure zinazotembea kwenye flashi, kutoka steshenari hadi ofisi. Programu inayovunja leseni huanza kwa kukuambia uzime kinga ya virusi. Aliyekushauri uzime taa mlangoni ana sababu. Kama fedha hazitoshi, Debian na Ubuntu ni halali na bure kwa seva, na LibreOffice inafungua hesabu na barua zenu bila kumuibia mtu.

9. “Tuna nakala kwenye diski ya nje. Hapo tumemaliza.”

NUSU KWELI. Kuwa na nakala moja ni bora kuliko kutokuwa nayo, lakini diski iliyochomekwa kwenye seva mchana na usiku itafungwa na kirusi kile kile kitakachoifunga seva. Radi ikipiga, vyote viwili vinakwenda pamoja. Na diski mbili ndani ya seva zinazoandika sawasawa si nakala: ukifuta faili kwenye moja, limefutika kwenye zote.

Kanuni ya mafundi ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali na jengo. Kwa ofisi ya Masasi, hiyo moja inaweza kuwa diski inayopanda Newala au kwenda Mtwara kila Ijumaa, ikiwa imefungwa kwa nywila. Diski mbili zipokezane, ili mojawapo daima iwe imechomolewa.

Kisha jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya: rudisha. Mara moja kwa miezi mitatu chukua faili moja la zamani kutoka kwenye nakala, ulifungue, ulisome. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni gunia lililoshonwa mdomo. Unaamini ndani kuna korosho. Hujui.

10. “Tukiibiwa tunyamaze, ni aibu yetu.”

SI KWELI, na ukimya huo ndio unaomlisha mwizi aende ofisi ya jirani. Fedha zikitoka, pigieni benki saa ile ile, kwa kuwa muamala unaweza kuzuiwa ukiwa bado mbichi. Chomoeni waya wa mtandao wa mashine iliyoathirika, msiifute, kwa kuwa ushahidi uko ndani. Nendeni polisi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa ajili hiyo. TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya TCRA, hupokea taarifa za matukio ya kiusalama mtandaoni.

Kama mmeshika majina, namba za simu au taarifa za afya za watu, kuna jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayezikusanya azilinde, na zikivuja aiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mapema iwezekanavyo. Orodha ya wakulima ikiwa na akaunti zao za benki ni mali ya wakulima. Ninyi mnaitunza tu, kama ghala linavyotunza mzigo usio wake.

Basi Jumamosi hii, kabla ofisi haijajaa watu, badilisheni nywila ya ruta, tumeni ile barua ya majaribio Gmail, na mrudishe faili moja kutoka kwenye nakala. Kazi zote tatu zinaisha kabla ya chai ya saa nne. Halafu mnunue daftari la kaunta, mchore safu nne, tarehe, jina, namba iliyopigwa, jibu, mliweke pembeni ya simu ya mhasibu. Na mkubwa wa ofisi awe wa kwanza kupigiwa.